Kifungu cha Kumi na Moja

Kifungu cha kumi na moja nilikiandika mimi,
kwa mkono huu, mezani jikoni, mwaka tuliohamia:
"Kamba ya kuanikia nguo isionekane kutoka barabarani."
Kabla yake kuna mapipa ya taka, yatoke Jumatatu jioni, yarudi Jumanne;
kuna nyasi, zisizidi kimo cha kidole gumba;
kuna rangi za milango, tatu tu, na zote tatu
ukizitazama kwa mbali ni rangi ya uji.
Baada yake yanakuja mapazia: meupe, upande wa njia.
Dirisha tumelitungia sheria.
Macho hayana pazia.

Basi Januari, Minnesota, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
natembea na daftari la ukaguzi,
kope zimeshikana kwa barafu,
nafika kwa Torvald Haugsrud, nyumba ya kona,
naona suruali imesimama.
Haikuning'inia. Ilisimama. Jinzi iliyogandia hewani,
magoti yamepinda kidogo, kama mtu aliyetaka kuketi
akakumbuka kwamba hajakaribishwa.

Nikaandika barua ya kwanza. Ndugu mwenye nyumba, tafadhali.
Nikaandika ya pili, bila tafadhali.
Ya tatu ilikuwa na tarakimu: dola hamsini,
na tano kwa kila siku itakayofuata.

Jumamosi nikapita tena.
Barua zangu zote tatu zilikuwa kambani,
zimebanwa kwa vibanio vya mbao
kati ya shuka ya maua na soksi isiyo na mwenzake.
Wino umechuruzika. Saini yangu, Ardith Lindqvist, katibu,
imeshuka hadi ukingoni, ikagandia pale ikidondoka.
Alikuwa amezifua.

Nilicheka. Kisha nikageuka kutazama
kama kuna aliyenisikia.

Mkutano ulifanyika chini ya kanisa la Kilutheri,
viti vya kukunja, kahawa inayoonyesha chini ya kikombe.
Delphine Okerlund akasema thamani ya nyumba hushuka
kila chupi inapopanda.
Torvald akaulizwa kama ana la kusema.
Akainuka, kofia mkononi.
"Mashine ya kukaushia ninayo," akasema, "na ni nzima.
Ila nguo zikitoka humo hazinukii kitu."
Akakaa. Hayo tu.
Kura saba kwa sita: kifungu kibaki.
Mkono wa saba ulikuwa huu huu.

Habari za mama yangu sitazieleza,
wala shamba la Nebraska, wala vidole vyake vyekundu
vikikunja mikono ya mashati ya baba, kwa taratibu, yasivunjike,
maana yaliganda wazi mno kuweza kupita mlangoni,
yakaingia ndani kama wageni waliokuja kukumbatia,
akayaegemeza kitini karibu na jiko la kuni
na sisi watoto tukayatazama yakilegea,
bega moja, kisha la pili, kisha kichwa ambacho hayana.
Na usiku ule, shuka.
Theluji ndani yake, na chuma, na kitu kingine
ambacho nimekitafuta madukani miaka hamsini
kwenye chupa zenye picha za milima.
Nilisema sitaeleza.

Ukaguzi wa Februari. Saa nne asubuhi.
Anga la buluu mpaka linauma, jua juu ya theluji,
ungeweza kuhesabu sindano za msonobari ng'ambo ya ziwa.
Nyumba ya kona: shuka nne, foronya, fulana,
na ile jinzi, leo imeyakunja magoti vizuri, imeketi.

Nikajaza fomu.
Nyasi: ziko chini ya theluji.
Pipa: limerudishwa.
Mlango: uji.
Kamba:

Kalamu iliganda, nikaipasha moto kwapani.
Kisha, kwa mwandiko ule ule wa kifungu cha kumi na moja:
"Ukungu mzito. Kutoka barabarani hapaonekani kitu."

Nikabaki nimesimama humo, ndani ya ukungu wangu,
pua juu,
kwa muda ambao fomu haina safu yake.